Mwiko wa Korongo

Zamani wanyama walipokuwa bado wakialikana, Korongo alitua kwa Mama Chura, akakirimiwa siku mbili. Siku ya tatu, siku ya mgeni kupewa jembe, yeye aliomba mwiko.

"Nimezunguka nchi nyingi," alisema. "Nitawapikia mapishi ya huko."

Leo akapika supu ya siagi, kesho mchuzi wa manjano uliojaa vitunguu saumu. Familia nzima ilikula ikalamba vidole, isipokuwa kitindamimba Kidete, ambaye tangu azaliwe hakula ila kumbikumbi.

"Onja kidogo tu, mwanangu," Mama Chura alimbembeleza.

"Mbona mpishi mwenyewe haonji, mama?"

"Mpishi hushiba moshi. Acha utovu wa adabu!"

Basi wakala, wakanenepa, hata ngozi zao zikaanza kunukia vitunguu saumu.

Asubuhi moja Kidete alirudi kutoka kichuguuni alikokwenda kutafuta kumbikumbi, akakuta nyumba kimya. Mkekani bakuli zilikuwa safi, hazijaguswa. Korongo alikuwa akijipangusa mdomo. Akamnyakua Kidete, akamgeuza mdomoni, kisha akamtema.

"Hujakolea viungo," alisema. "Na mimi, mwenzangu, huchagua chakula kama wewe."

"Mama yuko wapi?"

Korongo alichukua mwiko, akapakua mchuzi wa moto, akauweka mbele ya Kidete. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ileile ya Mama Chura:

"Onja kidogo tu, mwanangu."