Soksi ya Njano

Soksi ya njano ilikuwa moja, na haikuwa mguuni. Basile alikuwa ameifunga kiunoni, chini ya suruali, na ndani yake kulikuwa na mahari yote ya Noella. Baba yake Noella, mzee wa Kilibula mjini Uvira, alikwisha kusema wazi: mahari ifike Jumamosi, la sivyo binti anaolewa na fundi cherehani wa Kasenga.

Jumamosi yenyewe Basile akatoka Makobola kwa miguu, yeye na jirani yake Mama Capitoline, ajuza mwenye kikapu cha mihogo. Ulikuwa mwaka wa vita, na huwezi kuingia Uvira bila kupita bariere, kizuizi cha wanajeshi. Njia nzima Capitoline alimsihi.

"Mwanangu, nipe minye hiyo franga. Minye iko muzee, tena mwanamuke. Hakuna mutu atanigusa."

"Mama, weye beba mihogo," Basile akasema. "Franga iko salama kwa mwanaume."

Capitoline akacheka kidogo.

Kwenye bariere, mwanajeshi kijana alimpekua Basile bila hata kuhangaika. Mkono ulikwenda moja kwa moja kiunoni, maana wanaume wote, jamani, huficha palepale. Soksi ikatoka. Basile akaomba, akamtaja Noella, akamtaja Mungu, akasukumwa ng'ambo ya kamba.

Kisha kijana akageuka kutazama alikoketi kamanda wake. Akamwita Capitoline kwa sauti ya chini, "Koko, kuya kidogo," kama mjukuu anayemwomba bibi yake kitu jikoni, akaenda naye nyuma ya kibanda. Basile akaona aibu mara mbili. Sasa wanamnyang'anya ajuza mihogo yake, na yeye mwanaume mzima amesimama tu.

Capitoline akarudi na kikapu kilekile, kimejaa. Wakatembea. Basile alilia waziwazi, machozi mpaka kidevuni, akiwaza gauni la harusi ya Noella linavyoshonwa na bwana harusi mwenyewe.

Bariere ilipopotea nyuma ya kona, Capitoline akatua kikapu, akaingiza mkono kifuani, chini ya kitenge, akatoa soksi ya njano.

Basile akakauka. "Umeiiba?"

"Nimepewa," Capitoline akasema. "Yule kijana amenituma niipeleke kwa mama yake, Uvira. Kamanda anawapekua wanajeshi wake kila jioni. Ameniambia: koko, franga haiko salama kwa mwanaume."