Nyota Chini ya Taa

Kwa miaka thelathini Bakunda alikusanya taa za mezani za kauri zilizochorwa kwa mkono, akitafuta moja tu iliyochorwa na marehemu mama yake. Mama alifanya kazi katika kiwanda kilichofungwa zamani, na chini ya kila taa aliyoichora alitia nyota ndogo ya buluu.

Siku moja Bakunda alifika kwa mjane mmoja, Bi Tekla, miguu imemvimba kwa safari. Aliipindua taa ya mjane huyo polepole. Nyota ilikuwepo.

"Hii aliichora mama yangu," alisema. "Niuzie, dada."

"Siiuzi, kaka. Mume wangu alinipa siku ya harusi yetu."

Uchovu wa miaka yote ulimshukia Bakunda.

"Basi niache niishike kidogo."

"Ishike. Keti, nikuletee chai."

Bi Tekla aliporudi, alimkuta mgeni amelala kitini, taa ameipakata, shavu limeegemea maua mekundu ya kauri. Alisimama mlangoni, chai ikipoa mkononi, asijue amwamshe au amwache.