Tundu la Kiko

Fundi Sefania alikisugua kiko kwa nta mpaka mpingo ukang'aa, akakisimamisha mezani, nacho kikasimama bila kuyumba. Ikabaki kukivuta kitupu, bila tumbaku, kama alivyofanya kwa kila kiko kabla ya kukiuza. Akavuta. Pumzi ikamkwama kifuani.

"Tundu limeziba," akasema.

Akapitisha waya, ukatokea upande wa pili bila kukwama. Akavuta tena, akakohoa mpaka akashika meza.

"Na cha jana kiliziba," alisema mkewe, Abia, aliyekuwa akichagua mchele mlangoni. "Na cha juzi."

"Miti ya siku hizi haina adabu."

Abia akaweka ungo chini, akakifuta kiko kwa upindo wa kanga, akakitia mdomoni. Hewa ikapita yote, baridi, hadi kooni. Fundi alikuwa akimtazama usoni.

"Umeona?"

Abia akakirudisha kiko mezani.

"Kiko hakina neno, Baba Yoeli."

Fundi akachukua keekee ili alipanue tundu. Abia akaweka mkono wake juu ya keekee, na wote wawili wakabaki wameishika.