Milango ya Fuko

Fuko alikuwa mganga hodari wa tumbo, ila wagonjwa walikuwa haba. Akachimba milango mingi, yote sawasawa, apate kuonekana kila upande. Wagonjwa wakazidi kwenda kwa Kalunguyeye, mganga mwenzake.

Fuko akamwuliza Mlembe, ndege aongozaye wageni, "Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi huwapeleka penye nyayo nyingi, na zako umezitawanya. Kila mlango wako huonekana kama mahame."

Fuko akaziba milango yote akabakiza mmoja. Wagonjwa wake wachache wakapita hapo hapo, mpaka njia ikalainika na Mlembe akaiona.

Asubuhi moja Mlembe akamleta Kalunguyeye, ameshika tumbo.

"Mganga hajigangi," Kalunguyeye akasema kwa haya.

"Pita, ndugu," Fuko akajibu. "Mlango ni huu tu."