Chandarua cha Banda la Kuku

Pigo la kwanza la panga lilimpata jogoo. Kichwa kiliruka upande wake, kiwiliwili kikakimbia peke yake uani kikirusha damu ukutani, na Hamida wala hakugeuka kukitazama. Alikuwa ameshainua panga tena.

Pigo la pili likaangusha nguzo ya banda. Vifaranga wakatawanyika wakilia, akawakanyaga. Hakuwa na habari nao. Alichokitaka ni kile chandarua cha buluu kilichofunika banda zima, ambacho muuguzi wa zahanati alimkabidhi yeye mwenyewe ili amlazie mtoto.

Athuman, mumewe, ndiye aliyekihamishia kwa kuku. Mwewe walikuwa wanammalizia vifaranga, basi. Wala hakuwa peke yake. Pale kijijini kwao Kondoa, karibu kila ua ulikuwa na kuku waliovikwa shela kama bibi harusi, huku watoto wakilala wazi. Mvua zilipokolea, homa ilipita nyumba kwa nyumba. Wakubwa iliwaangusha, ikawaacha. Ilichagua wadogo.

Wanaume walikuwa ndio kwanza wanarudi, majembe begani, udongo mwekundu hadi magotini. Athuman akatupa jembe lake, akamvamia mkewe kwa nyuma.

"Hamida! Umeingiwa na nini? Lete hilo panga!"

"Habibu amelala bila chandarua."

"Mama Habibu, nakuomba..."

"Jua linazama, Athuman! Mbu wanatoka saa hizi. Mwanangu amelala peke yake, na kuku wako wamefunikwa!"

Akajaribu kumshika mkono. Panga likashuka, likampasua kiganja hadi mfupa. Athuman akapiga magoti palepale, akalia kwa sauti mbele ya wanaume wenzake, na hakuna aliyemcheka. Mdogo wake, Khamisi, alitaka kumkaba shemeji yake. Athuman akamzuia kwa mkono uleule uliokuwa ukichuruzika damu.

"Mwache. Mwache akichukue."

Hamida akakitungua. Kilijaa kinyesi na manyoya. Akakikung'uta, akakisugua kwenye beseni mpaka vidole vikachubuka. Alimchukia mumewe, lakini hata chuki ingengoja. Giza halikuwa mbali na mtoto alikuwa hana kitu juu yake. Akang'oa vijiti vya ua, akakitia chandarua begani kikiwa bado kinatiririka maji.

Hakuingia ndani. Aliupita mlango wa nyumba, akaupita msikiti, akaingia makaburini, walikomkataza kwenda mchana ule kwa kuwa ni mwanamke. Akasimika vijiti kwenye udongo mbichi, akatandaza chandarua, kisha akachomeka pindo pande zote, mbu asipate pa kupenya.