Mishono Mitatu ya Kurudi

Alipofika mwisho wa bega la gauni, Sikudhani aliirudisha cherehani nyuma mishono mitatu ili lisifumuke, kama mama yake alivyomfundisha. Makame, msimamizi wa kiwanda, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Dada, nimekwambia mara ngapi? Mambo ya kurudi nyuma tulishayafuta. Unachelewesha laini nzima."

"Bila kurudi, bega litaachia siku ya kwanza kufuliwa."

"Hizi hazifuliwi. Zinavaliwa mara moja zinatupwa."

Sikudhani alilitazama lile gauni jekundu. Wanawake kumi na wanane walikuwa wamelishika kabla halijamfikia. Akavuta bega la pili, akashona hadi mwisho, akarudi mishono mitatu.

"Basi inuka," Makame alisema kwa sauti ya chini. "Chukua vitu vyako."

Alikuwa na kitu kimoja tu, mto wa kukalia alioushona mwenyewe miaka tisa nyuma, na ulikuwa haujafumuka popote. Akaukung'uta vumbi la pamba, akaukumbatia. Hakuna aliyeinua kichwa.

Alikuwa ameshashika mlango aliposikia cherehani ya Bi Tunu, aliyeshona mabega kando yake, ikifika mwisho wa bega. Ikanyamaza kidogo. Kisha ikarudi nyuma.