Boliti Tano, Matundu Matano

Nati ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ikaingia nusu. Ya tatu ikakataa kabisa, na fundi akaacha kuikaza.

"Rimu hizi hazifungi, binti."

"Boliti tano, matundu matano," alisema mwanamke aliyesimama nyuma yake. "Kwa nini zisifunge?"

"Hesabu ni moja, duara si moja. Pikapu yako ni ya zamani, boliti zake zimeachana. Rimu hizi ni za gari dogo la juzijuzi, matundu yake yamebanana."

"Lazimisha, fundi."

"Nikilazimisha zitakaa upande. Utaenda vizuri mpaka kwenye kona, hapo utaona tairi linakupita barabarani, uanze kujiuliza ni la nani."

Mchomeleaji wa jirani, waliyemwita Ndevu kwa sababu hakuwa nazo hata moja, alicheka peke yake. Mwanamke hakucheka. Fundi naye hakucheka.

Alikuwa ameshika rimu kwa mikono miwili, akipapasa matundu yake. Tundu moja lilikuwa na bushi, pete ya chuma iliyochomelewa kwa ndani. Bushi hiyo aliichonga yeye mwenyewe. Gari lenye rimu hizo liliondoka na mwanawe, mwanawe wa pekee, siku waliyogombana hapa hapa gereji. Kijana alisema amechoka kuramba vumbi chini ya magari ya watu, anakwenda kutafuta maisha. Baba akamjibu mbele ya wateja: "Ukitoka langoni usirudi. Hata ukifa nisiletewe habari."

Na kweli habari hazikuletwa. Simu ikawa haipatikani. Hasira ilipokwisha, fundi alianza kuzunguka kwa wauza vipuri, akigeuza milango ya magari yaliyokatwakatwa, akitafuta rangi moja tu, ya gari la mwanawe. Hakumwambia mtu. Na sasa rimu zimekuja zenyewe, nyuma ya pikapu ya mwanamke asiyemjua.

"Ngoja nipandishe gari lote," alisema. "Huenda nikapata njia."

Hakukuwa na njia. Alitaka tu asiondoke.

Kwenye kiti cha abiria alikuwepo mtu aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni, jua lote lile, kofia ya sufu imeshuka hadi machoni. Uso kidogo uliobaki nje ulikuwa mifupa mitupu.

"Mzee ashuke kwanza."

"Hawezi kushuka. Pandisha naye."

"Baba yako?"

"Ni wangu."

Fundi aliinama dirishani. "Pole, mzee." Mkono mkavu ulinyanyuka kidogo chini ya blanketi, ukarudi.

Pikapu ilipanda jeki kirahisi, kama haina mtu. Fundi alifungua matairi ya zamani yote manne, akayabingirisha hadi stoo, akaiacha imekaa juu ya magogo. Kisha akamkonyeza Ndevu. Ndevu akalifunga lango taratibu, akipiga mluzi, kama mtu anayekinga vumbi.

Mwanamke aliliona lango likifungwa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta shingo kwa ncha ya kanga.

"Una watoto, fundi?"

"Mmoja."

"Yuko wapi?"

Hapo fundi alishindwa kuvumilia. Aligeuka na spana mkononi.

"Hilo utaniambia wewe! Bushi hii nimeichonga kwa mikono yangu. Rimu ni za mwanangu. Mmemfanya nini mwanangu?"

Mluzi wa Ndevu ulikatika. Alisogea na nyundo yake, akasimama upande wa pili wa pikapu. Mwanamke alisimama pia, lakini hakurudi nyuma. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akiingoja spana hiyo safari nzima.

"Weka hicho chuma chini kwanza."

"Siweki! Sema!"

"Gari liliuzwa," alisema. "Shida zilituzidi. Lakini rimu alikataa ziuzwe. Alisema nizilete kwako, uzifunge kwenye pikapu ya mjomba wangu."

"Mwongo mkubwa wewe! Mwanangu amekulia kwenye grisi. Angezitupia jicho tu angejua hazifungi!"

"Alijua."

Fundi aliishusha spana.

"Alijua tangu siku tunazipakia," mwanamke aliendelea, sauti yake ikiwa chini sana. "Alisema mtu unaweza kumfukuza, ila gari bovu hujawahi kulifukuza. Alisema likishapanda jeki na matairi yakatoka, hata ukitaka kutufukuza itabidi kwanza uyarudishe."

"Yuko wapi?" Fundi alifoka mpaka sauti ikapasuka. "Nakuuliza, mwanamke! Mwanangu yuko wapi?"

Mwanamke aligeukia pikapu. Mgonjwa ndani ya pikapu alihangaika na kofia yake, akaivuta, ikadondoka.

"Baba, punguza sauti," alisema. "Watu watadhani unanifukuza tena."